Pasi Juu ya Uso wa Baba

3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za afya yako, za kazi, na za yale magoti yanayokusumbua ukisimama sana mbele ya ubao wa kuchorea? Huku mama hajambo, mke wangu hajambo, na cherehani nayo haijambo ila mkanda wake unapiga kelele. Mimi siumwi, lakini tangu juzi chakula hakipiti.

Najua unashangaa. Miaka mitatu hatujaandikiana, salamu zetu zinapitia kwa mama, na leo unapokea bahasha nene yenye mwandiko wangu mbaya. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua. Kuta ni nyembamba, na mama macho tu ndiyo yaliyofifia, masikio yake hayajawahi kupata mtoto wa jicho. Nikikohoa dukani, yeye sebuleni ananiuliza kama nimekunywa dawa. Tena simu yenyewe ni kitochi na mke wangu ndiye mwenye kusoma meseji zangu, kwa sauti. Kwa hiyo naandika. Jibu lako mpe dereva wa basi aliache hapa dukani, lisifike nyumbani kabisa.

Nianze na jema. Mama anapasuliwa macho tarehe 28. Kesho yake bandeji inatolewa, na tarehe 30 anarudi nyumbani. Daktari alimtania, akamuuliza angependa kuona nini kwanza. Mimi nilijua atasema wajukuu. Akasema: "Picha ya mume wangu aliyoichora binti yangu. Miaka mitatu naona mraba mweusi ukutani, naambiwa ndiye yeye."

Sasa baya. Dada, picha ya baba nimeiharibu.

Baridi ya mwaka huu ilipoanza, ile picha ilianza kufanya ukungu. Weupe mwembamba, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ukatanda kutoka kwenye kola hadi kwenye nywele. Palibaki safi mahali pamoja tu, shavu la kushoto, na sijui kwa nini. Niliogopa. Niliwaza mama anafunguliwa macho, anarudi nyumbani, anamkuta mumewe ndani ya moshi. Nikakumbuka uliwahi kuniambia kwamba ile ni nta na rangi ya mafuta, na nta mimi naijua. Wateja wangapi wameniletea suti zilizodondokewa na mshumaa? Unaweka karatasi ya kaki, unapitisha pasi ya vuguvugu, karatasi inanyonya nta yote na suti inabaki safi. Nikajiambia huo ukungu uko kwenye nta ya juu, ngoja niipunguze kidogo.

Nikaulaza ubao wa picha kwenye meza yangu ya kupigia pasi, nikaanzia kidevuni. Nikahesabu hadi sita. Nilipoinua karatasi, mdomo wa baba ulikuwa kwenye karatasi.

Wote, dada. Midomo yote miwili na ule mstari wa katikati. Kwenye ubao pamebaki doa. Nimeufunga kwa shuka na kumwambia mama nimeupeleka ukabadilishwe fremu. Nitamwambia nini akirudi? Nisaidie, hata kama msaada wenyewe ni matusi.

Mdogo wako,
Sindano, kama baba alivyoniita

9 Juni

Sindano,

Marahaba. Mimi mzima, magoti bado ninayo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikatoka nje nikaizunguka karakana mara mbili hadi muuza mbao wa jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Ule ukungu si ugonjwa. Nta ya nyuki ikipigwa na baridi huwa inatoa weupe juu, hata iwe imechorwa na nani. Dawa yake ni kitambaa laini cha pamba. Unapangusa kama mtu anavyopangusa miwani, na uso unarudi kung'aa. Hata kiganja kitupu kinatosha. Dakika tano, Sindano! Wewe, fundi mwenye ndoo nzima ya vipande vya pamba chini ya meza, ukaenda kuchukua pasi.

Nimeliandika hilo ili likuume. Kama limekuuma, tuendelee.

Siwezi kuja. Hapa tunapotengeneza fremu mwenye karakana amesafiri, na funguo ameniachia mimi hadi katikati ya Julai. Kwa hiyo kama kuna cha kufanya, kitafanywa kwa mikono yako hiyo hiyo, Mungu atusaidie. Kwa sasa usiguse chochote. Niandikie pasi ilikuwa ya moto kiasi gani, ile karatasi unayo au umeitupa, na hilo doa lina rangi gani. Usiniambie "doa" tu. Mteja akija unamtajia bluu za aina saba, basi nami nitajie hivyo hivyo, kama unaniuzia kitambaa.

Na lile shavu la kushoto. Picha ilikuwa imetundikwa kimo gani? Mama akipita kwenda jikoni, mkono wake unashika wapi?

Ulichosema siku ile mbele ya wageni sijakisahau. Lakini hicho kitangoja zamu yake.

Dada yako

13 Juni

Dada,

Shikamoo tena. Barua yako imefika salama, na imeniuma mahali pote ulipokusudia.

Nianze na shavu. Sikuwa nimewahi kuangalia. Jana asubuhi nilikaa makusudi pale sebuleni nikijifanya natafuta kifungo. Mama akatoka chumbani, akapapasa kiti, akapapasa kabati, akafika pale ukutani ilipokuwa picha. Akanyoosha kiganja. Kikagusa ukuta mtupu, kwenye kimo kile kile cha shavu. Akauliza, "Bado hajarudi tu?" Nikamwambia bado kidogo. Akaendelea na safari yake ya jikoni. Kumbe kila asubuhi alikuwa anampitishia mkono, na ndiyo sababu shavu lile halikupata ukungu. Nililia, dada, na nilikuwa na kifungo mkononi.

Sasa majibu. Pasi niliiweka pale pa hariri, sikuthubutu kuzidisha. Karatasi ninayo. Tangu nijifunze kushona sijatupa hata kipande cha uzi, sembuse mdomo wa baba. Nimeuhifadhi kwenye droo ya vipimo. Umetoka umegeuka, lakini ni wenyewe, umefumba na una heshima zake.

Doa sasa. Juu kuna waridi iliyokolea, kama bitana ya koti la harusi. Chini yake kuna mstari wa nyeupe, si nyeupe safi, ni ile ya vifungo vya shati la zamani vilivyoanza kuingia manjano. Katikati ya hiyo nyeupe kuna kitu cheusi, kama tundu, ukubwa wa punje ya mahindi. Nadhani hapo ndipo nilipouunguza ubao wenyewe. Kila nikifunua shuka ndicho ninachokiona kwanza.

Na kile kinachongoja zamu yake, nakileta mimi mwenyewe. Siku tulipoitundika ile picha nilisema mbele ya watu, "Dada, umemchora baba au umechora kitambulisho chake?" Wakacheka, nami nikafurahi kuchekesha. Baba alikuwa ametuacha muda mfupi tu, na mimi uchungu ukinishika huwa natafuta utani. Siku mbili baadaye ulifunga begi, na sikukusindikiza hata hadi barabarani. Nisamehe. Lakini sitakudanganya ili unisamehe haraka: ule mdomo ulikuwa si wake. Ulibanwa kama mfuko ulioshonwa. Kosa langu ni kulisema mbele ya watu badala ya kukuambia wewe.

Mdogo wako

21 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakuombea uzima. Zimepita siku nane na dereva wa basi ameanza kunionea huruma. Akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mama ameshafungasha mfuko wa hospitali. Ameweka na miwani yake ya zamani. Nimemwambia haitahitajika, akasema anakwenda kuwaonyesha madaktari alikotoka.

Nakueleza jambo ujue hali yangu ilivyo. Nimekwenda kwa yule mchora vibao, anayechora vichwa vya watu kwenye ukuta wa kinyozi. Aliniambia midomo anayo ya aina tatu: wa kutabasamu, wa kiongozi, na wa mtu anayetangaza dawa ya meno. Kwa mzee wangu akanishauri nichukue wa kiongozi. Dada, nilisimama pale nikafikiri. Nilifikiri kweli kweli. Kisha nikaona vile vichwa vyake vyote vinafanana naye mwenyewe, nikaaga.

Kama umenyamaza kwa kuwa umenikatia tamaa, niandikie hivyo hivyo. Nitamwambia mama ukweli kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Lakini naogopa akishaujua atawaambia wasihangaike na macho yake.

Sindano

22 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani. Nimekuandikia mara tatu na mara zote tatu nimechana. Si hasira. Kuna ahadi niliyoitunza miaka yote hii, na ilibidi kwanza niamue nifanye nayo nini.

Hujaunguza ubao. Hilo si tundu, Sindano. Ni pengo la baba.

Unakumbuka alipokuwa karani wa mizani kule ghalani, ndoano ikamng'oa jino la mbele, na tangu siku hiyo akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Nilipokuwa namchora nilimwambia mikono ikae magotini na asiiondoe hata kwa nzi. Siku ya tatu akaanza kunisimulia habari za mkulima aliyelilowesha maji gunia lake la mahindi ili lizidi uzito. Gari likamharibikia njiani siku kadhaa, akafika mizani gunia limeota majani. Baba akalitazama, akamuuliza, "Sasa hili nikupimie au nikupalilie?" Akiwa ananisimulia hayo alicheka mpaka machozi, na mikono ikabaki magotini, kwa sababu mimi nilikuwa nimeikataza. Nikamnasa hapo hapo. Rangi ya mafuta tupu, haraka haraka, mdomo wazi, pengo na kila kitu. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile, wala sidhani kama nitachora.

Alipoonyeshwa aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema karani wa mizani ni mtu wa kuaminiwa, hawezi kutundikwa ukutani kama mlevi aliyetoka kupigwa. Niufunge huo mdomo, na nisimwambie mtu yeyote kilichokuwepo. Nikaahidi. Nikaiacha rangi ikauke miezi sita, ndipo nikayeyusha nta na utomvu mkavu wa sandarusi, nikamwaga tabaka jembamba usoni, na juu yake nikachora mdomo uliofumba, kwa nta iliyochanganywa na rangi. Kwa hiyo uliposema kitambulisho ulisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika vile. Nilijua unachokisema kuliko wewe mwenyewe, na sikuweza kujitetea bila kumgeuka baba.

Sasa sikiliza kwa makini. Rangi ya mafuta ikishakauka hairudi kuyeyuka. Nta huyeyuka. Pasi yako imeondoa cha juu, ikaacha cha chini. Na ili ucheke kidogo: mimi mwenyewe nina pasi hapa, naipitisha juu ya nta kila siku ili ishikane na ubao. Umefanya kazi yangu, isipokuwa hukujua pa kuishia.

Siku hizi zote nimejiuliza kama ninayo haki ya kukuambia uendelee. Niliahidi kutofunua, na sikufunua. Kwa hiyo nakupa njia mbili, uchague wewe uliye karibu na mama.

Ukitaka kuufunga tena, ilaze karatasi ile ile palepale ilipotoka, pitisha pasi kwa ulaini, na nta itashuka kwenye ubao. Haitakuwa nzuri kama mwanzo, lakini mama hatajua.

Ukitaka kuufungua wote, tumia karatasi safi kila mara. Pasi iwe pale pale pa hariri, uhesabu hadi nne, siyo sita. Inua wima, usiburute. Masalia yasugue polepole kwa kidole kilichofungwa kitambaa cha pamba. Ukiona waridi inaanza kuja kwenye kitambaa, simama, umefika. Lakini usivuke pua kwenda juu, nakuomba kwa jina la mama. Macho niliyachora baadaye, yote kwa nta, na chini yake hakuna mengine.

Njia yoyote utakayoichagua, malizia kwa kupangusa uso mzima kwa pamba kavu. Ule ukungu utaondoka kama haujawahi kuwepo.

Sitakuuliza umechagua ipi. Utaniandikia mwenyewe.

Dada yako

30 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu hii hapa. Sisi wazima wote, wazima kupita kiasi, na leo mchana nimekula sahani mbili.

Barua yako ilifika tarehe 25. Niliisoma mara nne. Nikaenda kwenye droo nikatoa ile karatasi yenye mdomo wa heshima, nikaishika juu ya ubao, nikaona kweli naweza kuurudisha na hakuna atakayejua. Lakini nikaukumbuka mkono wa mama kwenye ukuta mtupu. Mtu anakatwa macho kwa ajili ya kumwona mumewe, halafu mimi nimpe aliyezibwa? Nikairudisha karatasi kwenye droo.

Tulifanya kazi asubuhi ya tarehe 27, mama akiwa ameshalazwa hospitali, mwanga ukiwa mzuri, duka nimelifunga kwa kisingizio cha kuhesabu nyuzi. Ilibidi nimweleze mke wangu, maana kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Yeye alihesabu, mimi nikashika pasi. Karatasi ya kwanza ilitoa kidevu. Ya pili ikatoa pembe ya mdomo, na hapo shavu likaanza kupanda, dada, likakunjamana lile kunjo lake! Ya tano ilipotoka mke wangu akasahau kuhesabu, akasema, "Huyu mzee ananicheka mimi." Pengo likawa wazi lote. Na mimi siku zote nililiita tundu la moto. Nikaangua kicheko peke yangu kama mwehu, nikaweka pasi chini nisije nikavuka pua.

Sikuvuka. Macho yapo. Tena ajabu ni kwamba macho yale yale uliyoyachora kwa nta, ambayo juu ya mdomo ule wa kufumba yalionekana makali, sasa yanacheka. Hukuyagusa wewe, sikuyagusa mimi.

Nikachukua pamba, nikapangusa ukungu, nikaitundika mahali pake.

Leo mama amerudi, na miwani myeusi puani, anatembea bila kupapasa kiti wala kabati, anatutajia rangi za nguo zetu na kuniuliza kwa nini mimi fundi navaa shati lililopauka. Alipofika pale ukutani alivua miwani. Alisimama. Mke wangu alinishika mkono. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye.

Akauliza, "Mkono wake uko wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, dada: mikono ya magotini, gunia lililoota majani, ahadi yako, ukungu, pasi, na mdomo ulio kwenye droo ya vipimo. Nilimwambia wewe hukuvunja neno lako kwa baba, aliyefunua ni mimi, kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye "nikupimie au nikupalilie" alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Miaka arobaini na mbili nimelala na mtu huyu, pengo lake nimeliona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anakoroma."

Anauliza unakuja lini. Nimemwambia katikati ya Julai, ukishakabidhi funguo za watu, na usiponisaidia kuitimiza hiyo ahadi nitakuja kukuchukua mwenyewe. Safari hii nitabeba begi lako kutoka barabarani hadi ndani. Ile karatasi nakutunzia, utaamua wewe tuifanyie nini. Mimi naona ikae tu kwenye droo. Baba hakutuambia tuitupe.

Nimebakiza hili moja. Nilipomaliza kumweleza mama, nilimwomba radhi kwa kumtundikia miaka mitatu mtu aliyefumba mdomo. Akaniambia alijua. Siku ya kwanza tu mkono wake ulitoka shavuni ukapita mdomoni, akausikia umebanwa, akadhani labda baba ameondoka na kinyongo naye. Hakutaka kutuuliza. Kisha akapeleka kiganja pale pale kwenye shavu la kushoto, safari hii akiwa anatazama anapokipeleka, akasema:

"Huyu ndiye. Yule mwingine nilikuwa namsalimu kwa adabu tu."

Mdogo wako,
Sindano